Kalenda ya Chuo Niliyoichana Nusu

Kartie Kataki,
Kalemie.
Tarehe 9 Oktoba 2025.

Mupendwa mudogo wangu Aboubakar,

Assalamu alaikum wewe na nyumba yako nzima. Ninakujua, barua hii umeifungua umesimama mulangoni, kofia bado kichwani. Tafadhali kaa kwanza. Mimi Yaya wako, dada yako mukubwa, ninakuomba.

Goti lako linaendeleaje? Na wifi yangu Lydie, ile malaria imemuachia? Na Aristote, huyo uliyemupa jina zito kuliko mwili wake, bado anakataa majani yake ya sombe? Muambie shangazi anasema huku Kalemie anayekataa sombe hapewi samaki, na samaki wa shangazi ni watamu.

Sisi huku tu wazima, ninamushukuru Mungu. Mume wangu Papa Mahmoudi yuko Kabalo na mizigo yake, treni imekwama tena, kwa hiyo nyumbani tuko wanawake watupu: mimi, mama mukwe na Salama. Ziwa limerudi nyuma kidogo, lakini si kwa kutuonea huruma. Nyumba yetu ya zamani bado imo ndani ya maji, ukipita barabarani unaona bati lake tu na ndege weupe wamekaa juu. Biashara yangu ya samaki wa migebuka inakwenda.

Mesaji yako ya jana niliipata. Nilikujibu maneno mawili tu, "Sawa, mulinde", halafu ulipopiga nikaiacha telefone ilie mpaka ikachoka. Usinikasirikie. Telefone hapa nyumbani ni moja, Salama njo mwenye kuishika, na mambo ya kukuambia siwezi kuyatoa kinywani naye akiwa karibu. Kwa hiyo ninaandika, na barua anakuletea Ruben, muuguzi jirani yetu, anayepanda ndege kesho. Mesaji yako nitaifikia. Lakini nisipoanza na kalenda hutanielewa, utasema dada yangu jua la sokoni limemupiga kichwani.

Ujue tu tangu sasa kinachonila roho. Wiki ijayo Salama anatakiwa akae kwenye konkur, ule mutihani wa kuingia fakilte ya udaktari huko kwenu Lubumbashi. Na mimi mama yake sijui kama ninamutuma shuleni au ninamupeleka kwa mikono yangu mahali asikorudi.

Unakumbuka mwezi wa kwanza uliponifundisha kupanga? Ulisema tusifanye kama watu wote, wanaokurupuka mwezi wa tisa na kukimbia ofisi zote siku moja. Ulisema tuhesabu kwa kurudi nyuma: tuanze na siku ya konkur, halafu siku ya mwisho ya chuo kupokea dosie, faili lake lote, halafu karatasi za komini na za daktari, halafu matokeo ya Exetat, halafu Exetat yenyewe, ule mutihani wa serikali wa kumaliza sekondari, halafu masomo ya ziada ya kemia, mpaka tufike leo. Na kila karatasi iwe tayari wiki moja kabla ya kuhitajika. Nilikuona una akili siku hiyo, ingawa sikukuambia, maana wewe ukisifiwa huvumiliki.

Nilichukua mufuko wa simenti ya Kabimba uliobaki tulipojenga huku mulimani, nikaukung'uta, nikaugeuza upande wa ndani ulio safi, nikapiga mistari kwa kipande cheusi cha makala ya jikoni. Miezi juu, kazi chini. Na bila kufikiri, mukono ulijiendea wenyewe, nikagawa karatasi mara mbili. Upande huu Salama, upande ule Leila.

Wewe uliondoka mapema, kwa hiyo nikukumbushe. Mume wangu ni Muislamu kama sisi, lakini mama yake ni Muluba wa Kabalo, na kwa Waluba mapasa kama Salama na Leila, waliozaliwa tumbo moja siku moja, hawatenganishwi. Ukimununulia mumoja, unamununulia na wa pili. Ukimuita mumoja kula, unamuita na wa pili. Leila alipotutoka mwaka ule wa kipindupindu, akiwa darasa la nne, mama mukwe alinikataza kusema amekufa. Niseme amesafiri, na niendelee kuwahesabu wawili. Mimi binti wa wafanyabiashara wa ziwa, niliyesomeshwa Kurani nikiwa mudogo, niliona haya. Lakini ungefanyaje? Mutoto ni wangu. Kila Idi nilinunua magauni mawili, moja likavaliwa na Salama, la pili likatolewa siku ileile kwa binti wa jirani. Kila mwanzo wa shule, mifuko miwili. Kila chakula, sahani ndogo ya ugali wa bukari kando ya zetu. Na habari yoyote ya nyumbani niliisema kwa wote: Salama na mwenzako, sikieni.

Basi niliposoma kalenda kwenye telefone na wewe ukasikia majina mawili, ulicheka. "Yaya Mouna, chuo hakiandikishi waliosafiri namna hiyo." Baadaye ukaacha kucheka, ukasema ni wakati wa kumuacha Leila apumzike, na kwamba Salama hawezi kusoma udaktari amebeba marehemu mugongoni. Niliona una haki, Aboubakar, ninasema kweli. Kalenda niliichana katikati, na ule upande wa Leila nikawashia makala ya chai. Uliwaka haraka. Chai ile tuliinywa wote, na tangu siku hiyo sikuweka tena sahani ndogo.

Na kalenda ilifanya kazi, sikufichi. Salama alisoma mpaka nikamuonea huruma. Unajua ni kwa nini anautaka udaktari, hukuhitaji kuambiwa. Aliona mwenzake akiisha maji mwilini siku moja na nusu, amelazwa kwenye kitanda chenye tundu, na yeye amekaa pembeni anamupepea kwa kifuniko cha ndoo. Mutoto aliyeona hivyo hutamubadilishia mawazo kwa kumuambia ualimu pia ni kazi nzuri. Nilijaribu, akarudi kwenye kitabu chake cha kemia.

Exetat ikapita, matokeo yakatoka, Salama akapata asilimia ambazo hata wewe mwenyewe hukuzipata, usikatae, bulletin zako za alama ninazikumbuka. Kartie nzima ikaja uani. Tulimumwagia poda kichwani mpaka akawa mweupe kama mukate kabla ya kuokwa, vigelegele, ngoma ya bido, yale madumu ya maji, majirani wanacheza. Watu walipoondoka mama mukwe akachukua ufagio. Akaniita. Kwenye ngazi ya jikoni, mahali ambapo hakuna aliyesimama, poda ilikuwa imemwagika pia, duara nyeupe nzuri, na katikati ya duara nafasi mbili safi zenye umbo la miguu. Niliinama nitazame, lakini yeye alikuwa amekwisha kufagia.

Mwezi wa tisa ukafika. Kalenda ilisema tuanze na picha za pasipoti. Nilimupeleka Salama asubuhi kwa Papa Gaspard, mupiga picha wa karibu na soko, akamupiga, tukaenda zetu kwenye samaki. Kesho yake nilipokwenda kuzichukua alinipa bahasha mbili. Alisema binti alirudi peke yake muchana, akaonyesha kwa kidole anataka nyingine kama zile, na kwa mukono akamuomba asubiri kwanza atengeneze kola. Nilifungua bahasha ya pili. Zilikuwa picha zilizokatwa vizuri, kipimo sawasawa, za kiti na pazia la buluu. Kiti kitupu, Aboubakar. Papa Gaspard alikuwa anapangusa miwani na ananiangalia mimi, si picha. Nilimuambia mashine yako imezeeka, tukacheka wote wawili, kicheko kibaya. Muchana ule Salama hakunitoka machoni, alikuwa anapanga migebuka kwenye meza yangu.

Baada ya picha, cheti, atestasio ya kuzaliwa. Huko komini, kwenye biro inayoandika waliozaliwa, yuko Mado, tuliyesoma naye, kwa hiyo nilitegemea mambo yatakuwa mepesi. Mado aliponiona akashangaa kwa nini ninajisumbua. Mutoto alikuja jana, akatia sahihi, akachukua. Nikamuuliza alikuwaje. Akasema mupole sana, alikuwa wa kwanza kwenye mustari wa watu, walimukuta pale walipofungua mulango. Ila hakuvaa viatu, na alipoondoka ilibidi wapanguse maji mahali aliposimama. Nilitazama nje. Kilikuwa bado kiangazi, vumbi tupu, mvua hatujaiona tangu mwezi wa tano.

Njiani nilijiambia kuna mwizi wa majina. Mambo hayo yapo, watu wanaiba mpaka diploma za wenzao. Nilikuwa nimekwisha kupanga namna ya kumushitaki. Lakini mwizi gani anachukua karatasi halafu anakuletea nyumbani? Nilipofungua valize chini ya kitanda changu, ndani ya dosie ya Salama, juu kabisa, atestasio ilikuwa imelala, mihuri yote ipo, pembe moja imelowa.

Kwa daktari njo nilivunjika. Tulikwenda kuchukua karatasi ya afya, ile inayosema muntu anafaa kusoma. Muuguzi, mwanamke muzima mwenye akili zake, alimutazama Salama, akanivuta pembeni, akaniuliza kama binti yangu ana ugonjwa wa damu. Alisema alimupima juzi. Alimushika mukono kutafuta mapigo ya moyo, akajaribu huku, akajaribu kule, akajaribu shingoni, wapi. Mukono baridi kama samaki aliyetoka kwenye barafu. Nikamuuliza, sasa uliandika nini? Akasema aliandika anafaa kwa masomo, maana alikuwa amesimama na akiulizwa anaitika kwa kichwa. Wee! Nilicheka mpaka machozi yakatoka, halafu kicheko kikaisha na machozi yakaendelea.

Siku hiyo nilimukalisha Salama uani nikamuambia yote, kiti, maji, mapigo. Hakushituka, na hilo njo liliniogopesha kuliko vyote. Alikuwa anachambua muchele, akaendelea kuchambua.

"Mama, si unamujua Leila? Ananishikia mustari."

Hukukaa na sisi miaka ile ya nyumba ya chini. Bomba lilikuwa moja kwa watu wote, na mustari wa bido ulifika mpaka barabarani. Salama tangu utoto ni wa kulala. Leila aliamka mbele ya jogoo, akabeba bido zote mbili, akaenda kusimama. Salama alikuja zamu ikiwa imekaribia, macho yamevimba, kanga imekaa upande. Akifika tu, Leila anatoka kwenye mustari bila neno, anakwenda kukaa kwenye jiwe, miguu majini, anamungoja mwenzake achote. Hawakupatana hivyo, hakuna aliyewafundisha. Walikuwa hivyo tu. Bomba lile sasa liko chini ya ziwa, na jiwe pia.

Nilimuuliza Salama kama anamuona. Alisema hapana, na hamusikii. Ila kuna asubuhi anaamka, anakuta upande wa pili wa kitanda una baridi na shuka imelowa, na anajua siku hiyo kuna biro imekwisha kuendewa. Alisema hivyo kama unavyosema jirani ameazima ungo. Niliogopa, halafu, sijui nikuambieje, nilisikia pia wivu. Mimi mwenyewe shuka langu halijawahi kulowa.

Mama mukwe nilipomuambia hakupiga kelele. Aliuliza tu ule upande wa pili wa kalenda uko wapi. Nilimuambia niliuchoma.

"Ulimutoa kwenye hesabu," akasema. "Sasa anajihesabu mwenyewe."

Akaongeza na jambo lingine, na hili njo linaninyima usingizi mpaka leo. Alisema wako mapasa wanaomushikia mwenzao nafasi huku duniani, na wako wanaomushikia nafasi kule kwao, kwa waliosafiri, na kwa nje hutawatofautisha, wote ni wapole, wote wanawahi. Nilimuomba aniambie basi kinachoonyesha. Alisema ni mwenye nafasi anapofika. Ngoja mwenye nafasi afike, uone kama yule mwingine ataondoka.

Nilitaka kuvunja kila kitu. Nilimuambia Salama asubiri, mwaka huu asome jambo lingine hapahapa Kalemie, alale nyumbani nikimuona, udaktari hautakimbia. Alinisikiliza mpaka mwisho, unajua adabu yake. Halafu akaniuliza swali moja. "Nisipoenda, Mama, yeye atasimama pale mpaka lini?"

Sasa mesaji yako. Nimeisoma mpaka ninaijua kwa kichwa. Unasema mutoto amefika siku tatu sasa, unamushukuru Mungu, lakini mbona nimemutuma kabla ya tarehe tuliyopanga, na bila valize, na miguu mitupu. Unasema ulipomufungulia mulango ulimudhania mimi, Yaya wako nilivyokuwa siku za harusi yangu. Unasema amekaa kwenye kiti karibu na mulango na bahasha magotini, haongei, halali, na wifi Lydie amemufunika blanketi mbili na bado ana baridi. Kila asubuhi anasimama uani anatazama upande wa chuo, halafu anarudi kwenye kiti chake.

Mudogo wangu, mesaji hiyo ilipoingia Salama alikuwa uani anaosha masufuria. Nilikuwa ninamuona. Na sasa ninavyoandika yuko chumba cha pili anapiga pasi shati lake jeupe la konkur, ninasikia makala yanavyolia ndani ya pasi. Dosie yake iko hapa kwenye valize, nimeigusa sasa hivi, imekamilika. Kinachokosekana ni ile bahasha ya pili ya Papa Gaspard, yenye picha za kiti. Niliifungia kabatini na ufunguo ninao shingoni, lakini leo sikuikuta mule.

Basi usikimbie nyumba yako. Sikiliza. Usiite shehe wala watu wa maombi wa upande wa wifi, wasije wakamufukuza mutoto wangu kama mbwa. Usimuite Salama, tangu sasa hivi uache. Muite Leila, kwa sauti ya kawaida kama unavyomuita Aristote, umuambie mama yako anasema karibu kwa mujomba. Muwekee chakula. Hatakula, weka tu, na usikitoe kabla ninyi hamujamaliza kula. Ukiwaambia watoto jambo, umuambie na yeye. Na usimuulize ametoka wapi.

Ruben anakuletea na kifurushi kidogo. Ndani kuna gauni la buluu, sawa na la Salama la Idi hii ambayo sikununua mawili, na viatu. Vimuwekee karibu na kiti. Kipimo cha miguu yake sikijui, nimechukua cha Salama. Na kalenda nimeiandika upya kwenye mufuko mwingine, majina mawili, upande huu na upande ule, nimeipigilia ukutani mahali pake. Cheka ukitaka.

Salama anapanda ndege Jumapili. Nimekubali, kwa sababu ya lile swali lake. Atafika kwako muchana, na hapo njo roho yangu itakuwa mukononi mwako, kwa hiyo unisikilize vizuri kuliko ulivyowahi kunisikiliza. Salama akiingia, usimuangalie Salama. Muangalie Leila. Kama atasimama na kumuachia kiti, basi alikuwa anamushikia mustari tu, kama pale bombani. Musindikize mpaka barabarani kama mugeni yeyote aliyekutembelea, umushukuru kwa jina lake, umuambie kazi yake imeonekana, halafu urudi umupe Salama chakula alale, ana mutihani. Lakini kama Salama amefika na yeye hasimami, kama anamusogezea nafasi akae kando yake, Aboubakar, usingoje kuniuliza. Konkur ipotee, na mwaka upotee, na udaktari wote upotee. Mushike Salama mukono, umutoe nje ya nyumba hiyo, umurudishe kwangu kwa njia yoyote, hata kwa treni ya Kabalo inayokwama. Na usigeuke kutazama nyuma kwenye kiti.

Salama hajui kama mwenzake amekwisha kufika kwako. Sikumuambia. Nafikiri anajua.

Unisalimie wifi yangu Lydie, umuambie zile blanketi mbili Mungu amemuandikia thawabu, hata kama hakujua anamufunika nani. Unisalimie Aristote na wadogo zake. Mama mukwe anakusalimia na anasema usiogope, ambalo kwake ni neno kubwa. Papa Mahmoudi angekusalimia kama angekuwa hapa, yeye sijamuambia lolote, nitaanzia wapi kwa telefone ya Kabalo? Mungu awalinde wote walio chini ya bati lako leo, wenyeji na mugeni, na aniachie angalau mumoja.

Nilitaka kufunga hapa, lakini mukono umekataa. Kuna jambo ninaliomba, na hili si la woga. Unasema ulimudhania mimi wa siku za harusi. Leila alipotutoka alikuwa ananifikia kiunoni. Basi amekua, Aboubakar. Huko aliko amekua. Kwa hiyo kabla Salama hajafika, chukua kiti chako ukae naye uso kwa uso, umuangalie pole pole, nywele, mikono, shingo, namna anavyoinua macho, halafu uniandikie alivyo. Mimi sijamuona akiwa mukubwa.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Mouna,
mama wa Salama na Leila.